Majeshi Mawili ya Kapwasa

Foleni ya malori siku ile ilitoka mpakani Tunduma ikapanda barabara mpaka Mpemba, na madereva waliokwisha kukata tamaa ya kuvuka walishuka mmoja mmoja kutafuta chakula. Wengi waliishia kwa Enesi. Mgahawa wake ulikuwa banda la mbao lenye meza tano na turubai la bluu kwa nje. Hakuwa na kibao. Hakukihitaji, maana wali wake wa mchele wa Kamsamba ulijulikana mpaka Lubumbashi, na maharage yake yaliyoungwa kwa karanga yaliwafanya watu wazima wafute sahani kwa vidole.

Enesi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kusikiliza meza zote bila kuonekana anasikiliza. Binti yake Brenda ndiye aliyepeleka sahani na kukatisha maneno ya wateja wasumbufu. Anania, mume wa Enesi, alikuwa nyuma ya banda akipasua kuni.

Kwenye meza ya pembeni walikaa Wakongo wawili, Ferdinand na Ilunga. Ferdinand alikuwa mrefu, mkavu kama fito; Ilunga mfupi, mnene wa shingo, mwenye kofia ya sufu hata juani. Walikuwa marafiki wa barabarani. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakipita hapo, kila mmoja na lori lake, na kila mara waliagiza sahani moja kubwa wakala pamoja kama mapacha.

Redio ilikuwa ikisoma habari za vita vya mbali. Mtangazaji alitaja jeshi la upande mmoja, maelfu kadhaa, na la upande wa pili, maelfu zaidi, kisha akataja majenerali wa pande zote mbili na vyeo vyao virefu.

Ferdinand akacheka peke yake. "Hawa nao! Mimi nimevaa sare, ninajua. Ukisikia elfu, gawa kwa kumi."

"Si kila mahali," Ilunga alisema. "Sisi Kapwasa tulikutana na elfu za kweli."

Ferdinand akasimamisha mkono njiani, tonge likiwa karibu na mdomo. "Kapwasa ipi?"

"Kapwasa ya reli. Ya mto. Iko nyingine?"

"Ulikuwa upande gani?"

"Mlimani. Kwa Jenerali Radi."

Ferdinand akalirudisha tonge kwenye sahani. "Mimi nilikuwa stesheni. Askari wa serikali."

Jikoni, Enesi alikuwa ameshika upawa. Aliposikia jina la Kapwasa likitajwa, na halafu likatajwa tena, mkono wake uliganda juu ya sufuria, mchuzi ukamdondokea kwenye kanga naye asiuone.

Wale wawili walitazamana kwa muda, kila mmoja akimpima mwenzake upya. Kisha Ilunga akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu anayekumbuka deni la zamani. "Ninyi mlikuwa watu wabaya. Elfu moja na zaidi, kwa mji mdogo kama ule! Kanali wenu akaja na treni nzima ya basoda, askari juu ya askari. Sisi tungefanya nini?"

"Treni gani?" Ferdinand aliuliza. "Kanali yupi?"

"Kanali wenu!"

"Kanali wetu alikwenda mjini kufuata mishahara, na mpaka leo ninamsubiri. Tulikuwa sabini na kitu, Ilunga! Sabini na kitu, na luteni mmoja kijana, Kazadi, ambaye ndevu zake zilikuwa bado hazijaota vizuri. Sufuria ya kupikia ilikuwa moja. Ninyi ndio mliokuwa elfu mbili na zaidi mmejaa mlima mzima."

"Elfu mbili?" Ilunga alisimama. "Unanitukana? Tulikuwa kama mia moja na ishirini! Wenye bunduki hawakufika nusu. Mimi mwenyewe nilibeba panga na upinde wa babu yangu! Jenerali alikuwa amelala na malaria, na wasaidizi wake wawili wakigombania nani atoe amri!"

"Mwongo!"

"Mwongo ni wewe!"

Sahani ikasukumwa, kikombe kikaanguka. Brenda akawahi kujitupa katikati akiwa na tambara la kufutia meza mkononi. "Nyie baba zangu, mkitaka kupigana nendeni kule kwenye malori. Hapa watu wanakula."

Ferdinand hakumsikia. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. "Ngoja," alisema. "Nani aliwaambia ninyi kwamba tulikuwa elfu?"

"Mama mmoja. Muuza mchele. Tulimkamata ng'ambo ya mto."

Ferdinand akakaa chini polepole. "Mtanzania?"

"Mtanzania."

"Huyo huyo ndiye aliyetuambia kuhusu ninyi."

Hata madereva wa meza nyingine waliacha kutafuna. Nyuma ya banda shoka la Anania lilikuwa limesimama pia.

Enesi akaweka upawa juu ya mfuniko, akajifuta mikono, akatoka jikoni. "Ni mimi," alisema.

*

Habari yenyewe ilianza miaka kumi na mitano kabla ya siku ile, Brenda akiwa bado mtoto wa darasa la pili. Enesi alikuwa mfanyabiashara wa kutembea. Alinunua mchele Kamsamba, akauvusha Tunduma, akakata nchi nzima ya Zambia, akaingia Kongo mpaka Kapwasa, mji mdogo wenye stesheni ya reli upande mmoja, mto upande wa pili, na mlima wenye msitu ng'ambo ya mto. Mtaji ulikuwa wa kuchanga. Wao wenyewe waliweka walichonacho, na dada yake Anania, Fides wa kule milimani Ileje, akaongeza fedha ya kahawa yake ya mwaka mzima.

Safari mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Safari ya tatu vita vilimkuta ndani.

Hakuviona vikija. Alilala kwa mwenyeji wake, mjane mmoja aliyeitwa Loisi, akaamka asubuhi akakuta barabara imefungwa na lori lililomleta limegeuza. Askari wa serikali walikuwa wamepiga kambi stesheni. Waasi walikuwa wameshika mlima. Katikati ulikuwa mji, na ndani ya mji watu wa vijiji vyote vya jirani waliokuwa wamekimbilia kanisani na vitoto vyao, vitanda vyao na mbuzi wao. Kanisa lilijaa, uwanja wake ukajaa, na waliokosa nafasi walilala chini ya ukuta. Loisi alikuwa mzee wa kanisa lile, na kila jioni alirudi nyumbani akiwa hana hata nguvu ya kuvua viatu.

Enesi aliendelea kuuza mchele kwa vibaba. Aliuza stesheni pia, na kwa kuuza huko aliwajua askari wale vizuri. Alijua ni wangapi, maana aliwaona wote wamezunguka sufuria moja. Alijua kanali wao hayupo, na kwamba luteni aliyebaki aliongea kwa sauti kubwa mno, kama waongeavyo vijana wanapoogopa.

Siku moja asubuhi yeye na Loisi walivuka mto kwa mtumbwi kwenda kutafuta majani ya mihogo kwa ajili ya watu wa kanisani. Hawakufika shambani. Vijana watano walitokea kwenye matete, wakawapandisha mlimani.

Huko juu Enesi alitazama kwa macho ya mtu wa sokoni. Aliona vibanda vichache vya majani. Aliona vijana waliokonda, wengine na mapanga, wengine na pinde, na bunduki moja kubwa imefungwa juu ya baiskeli. Chini ya turubai alilala Jenerali Radi mwenyewe, amejifunika mablanketi mawili, anatetemeka, macho ya njano. Pembeni walisimama wasaidizi wake, mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule, mwingine mwindaji. Huyu akisema walinzi wakae huku, yule anasema wakae kule, na vijana hawakujua wamtii nani.

Jenerali akafumbua macho. "Mama," alisema kwa shida. "Bale basoda ba stesheni, beko wangapi?"

Enesi aliielewa hatari yote kwa mara moja. Akisema kweli, kwamba ni sabini na kitu, hawana kiongozi na hawajalipwa, vijana hawa wangeteremka jioni hiyo hiyo. Wangepita katikati ya mji. Wangepita kanisani. Loisi alikuwa ameshika kiuno cha kanga yake kwa nyuma.

"Baba, mimi kuhesabu askari sijui," Enesi alijibu. "Mimi najua mchele tu."

"Basi sema mchele."

"Nilikuja na magunia ishirini. Nilitegemea yanikae hata mwezi mmoja. Juzi wameyachukua yote. Na jana mpishi wao amenifuata tena, anauliza kama ninaweza kuleta mengine arobaini haraka."

Mwalimu akaanza kuhesabu, midomo ikicheza. Alihesabu gunia, akahesabu kilo, akahesabu matumbo. Uso wake ulibadilika. "Ni zaidi ya elfu moja," alinong'ona.

Enesi hakusema ndiyo wala hapana. Aliangalia chini.

"Anayewaongoza ni nani?" Jenerali akauliza.

"Kanali wao. Amerudi na treni."

Kisha mwindaji akasogea karibu, akamwambia taratibu, "Mama, tutatuma mtu mjini. Tukikuta mchele wako ungali chumbani, tutajua umetudanganya. Na nyumba ya huyu mwenzako tunaijua."

Wakawaachia.

Walivuka mto. Walipofika ukingo wa pili Loisi akasema, "Magunia yako yako chumbani kwangu."

"Najua."

"Kumi na saba."

"Najua, dada."

"Na mtu wao atakuja."

"Basi tuwashe moto," Enesi alisema.

Mchana ule wote uwanja wa kanisa ulinuka wali. Walipika kwenye mapipa, wakapika kwenye masufuria ya kuazima, na mchele ulioshindikana kupikwa waliugawa kwa bakuli, kila familia na sehemu yake. Watoto waliokuwa wamelala njaa siku mbili walikula mpaka wakasinzia na wali mdomoni. Magunia matupu waliyafumua wakawatandikia wazee. Jua lilipoanza kushuka, chumba cha Loisi kilikuwa kimefagiliwa. Enesi alisimama mlangoni akaitazama sakafu tupu. Hapo ilikuwa imekwenda kahawa yote ya wifi yake na jasho la mumewe. Alilia kidogo, kisha akanawa uso.

Hakupata hata kukaa. Askari wawili walikuja kumchukua. Luteni Kazadi alikuwa amesikia kwamba muuza mchele amepandishwa mlimani akarudi.

Luteni alimpokea amesimama, ameweka bastola mezani. "Nimeambiwa kule juu ni kikundi cha wagonjwa," alisema. "Kesho alfajiri ninawapiga. Bunduki yangu kubwa nitaipandisha kwenye mnara wa kanisa, ndio unaouona mlima vizuri. Wewe umewaona. Ni wangapi?"

Enesi akaona mnara wa kanisa kwa akili yake, na bunduki juu yake, na mlima ukijibu. Akaona waliolala chini ya ukuta.

"Mwanangu," alisema, na hakukusudia kumwita hivyo, neno lilitoka lenyewe. "Aliyekuambia hivyo ameona upande mmoja tu wa mlima. Bonde la nyuma limejaa. Mimi nimepitishwa huko, nimetembea katikati ya watu mpaka nimechoka. Jenerali wao ni mzima, anakula na kuongea. Ana wasaidizi wawili wasomi wanaopanga kila kitu kwa kalamu. Ukiwagusa kesho, hatabaki hata mmoja wenu wa kumwachia hizo buti."

Mkono wa Luteni ulikwenda kwenye bastola, ukarudi. "Elfu?" aliuliza.

"Mimi siyo msomi. Lakini siyo elfu moja tu."

Akamruhusu aende. Enesi alikwenda mpaka kwenye kona ya reli, akakaa juu ya chuma cha reli mpaka Loisi alipomfuata.

Giza lilipoingia wakaona kitu kilichowatoa jasho. Mlima wote uliwaka mioto, mingi kama soko la usiku, kutoka chini mpaka kileleni. Loisi akasema, "Enesi, kumbe ni wengi kweli." Hawajakaa sawa, upande wa stesheni injini ya treni ikapiga honi, ikapiga tena, na nyimbo za askari wengi zikasikika zikizunguka, kundi moja likipita na lingine likifuata. "Na kanali amerudi kweli," Enesi akasema. Wakashikana mikono. Waliamini kwamba macho yao yamewadanganya mchana kutwa, na kwamba majeshi mawili makubwa yatakutana juu ya vichwa vyao.

Hayakukutana. Mioto na honi viliendelea siku iliyofuata na ile ya baada yake. Asubuhi iliyokuja watu waliamka kwenye ukimya mtupu. Wanaume waliokwenda kuangalia stesheni walikuta majivu na buti moja. Waliovuka mto walikuta vibanda vitupu. Majeshi yote mawili yalikuwa yameondoka, kila moja likilikimbia lingine, na hakuna risasi hata moja iliyokuwa imelia Kapwasa. Watu wa kanisani wakafunga mizigo, wakashika barabara kuu.

Enesi alifika Tunduma kwa kuombaomba lifti, amevaa kitenge cha Loisi, mkononi hana hata mfuko. Anania alimpokea, akampa maji ya kuoga, na alipomuuliza mchele uko wapi, Enesi alijibu, "Uliliwa." Hakuweza kusema zaidi. Kwake yeye hapakuwa na la kujisifia. Majeshi yalikuwa makubwa kweli, mioto aliiona na honi aliisikia. Mungu ndiye aliyeyaondoa, na uongo wake haukuwa umefanya lolote ila kumaliza mtaji wa watu.

Anania hakuuliza tena. Lakini Fides aliuliza, na alipokosa jibu akajijibu mwenyewe. Maneno yalishuka kutoka Ileje mpaka Mpemba kwamba Enesi amekula mtaji na mwanaume wa Kikongo. Kwenye misiba na harusi za ukoo, Enesi alikaa pembeni. Ilikuwa hivyo miaka yote kumi na mitano.

*

Alipomaliza kusimulia, Ilunga alikuwa bado amesimama, kofia ya sufu ameivua na kuikunja mikononi.

"Ile mioto," alisema Ilunga, "ilikuwa ni sisi. Mtu wetu alirudi kutoka mjini akasema kweli mchele wa mama umekwisha wote, chumba kitupu. Tukaogopa sana. Mwalimu akasema, wakijua tuko wachache tumekufa. Kila mmoja awashe mioto minne, mitano, akimbie kutoka huu kwenda ule. Nilipasua kuni mpaka mikono ikatoka damu. Hatukulala."

Ferdinand akaweka mikono kichwani. "Na sisi tulipoona ile mioto, Luteni akasema, mama yule amesema kweli! Akaamuru fundi aiwashe injini mbovu iliyokuwa stesheni apige tu honi, hata kama magurudumu hayaendi. Sisi tukaambiwa tuzunguke ghala tukiimba. Tukipita mbele tunaimba wimbo mmoja, tukipita nyuma tunabadilisha wimbo, ili mdhani ni kikosi kingine. Sauti yangu ilikauka wiki nzima!"

"Tuliwasikia! Tukasema, vikosi vinne!"

"Tulikuwa sisi tu!"

Ilunga akaanza kucheka. Alicheka hadi akajishika ubavu, na Ferdinand akamfuata, na banda zima likaangua kicheko, madereva wakigonga meza. Kisha kicheko kikaisha taratibu, kwa sababu wale wawili waliacha kucheka kwa pamoja na kumtazama Enesi.

Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi. "Kwa hiyo hawakuwepo," alisema. "Wale wengi. Hawakuwepo."

"Hawakuwepo, mama," Ferdinand alisema. "Jeshi lile kubwa ulilitengeneza wewe."

"Uliyatengeneza mawili," Ilunga akasahihisha. "Na viongozi wake."

Enesi akahisi kitu kikimpanda kifuani, cha moto, kikubwa, ambacho hakukijua jina kwa muda. Mchele haukuwa umeliwa bure. Ule uongo alioutoa mlimani na stesheni ulikuwa umesimama imara, ukawasha mioto, ukapiga honi, ukaondoa watu wenye silaha mjini kwa miguu yao wenyewe. Akanyoosha mgongo. Brenda alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwona mama yake amekaa vile, amenyooka kama mtu anayepigwa picha.

"Lakini mama," Ilunga akauliza, "sisi ulituona. Ulijua tuko wachache na tunaumwa. Ungemwambia Luteni, angekupa zawadi. Kwa nini hukusema?"

"Mngekufa," Enesi alijibu. "Nanyi mlikuwa watoto. Na wao walikuwa watoto. Kila mmoja wenu alikuwa na mama yake mahali."

Ilunga akavaa kofia, akaivua tena. "Nina watoto wanne," alisema. "Wa kwanza amezaliwa mwaka uliofuata Kapwasa." Ferdinand alipitisha mkono mabegani mwa rafiki yake, na wakasimama hivyo mbele ya mama yule, askari wa serikali na mwasi.

Hapo ndipo Anania alipoingia kutoka nyuma. Alikuwa mtu wa maneno machache. Vumbi la kuni lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. Akaenda mpaka kwenye benchi, akakaa kando ya mkewe.

"Mama Brenda," alisema. "Miaka yote hii."

"Ningesema nini, Baba Brenda? Kwamba nilidanganya wanajeshi halafu mchele ukaliwa? Nani angeniamini?"

"Mimi ningekuamini."

"Najua," alisema Enesi. "Mimi ndiye nilikuwa siamini."

Anania akatoa simu mfukoni. Alitafuta jina taratibu, akabonyeza, akaweka sauti ya nje ili kila mtu asikie. Ilipokewa na sauti kavu ya mwanamke, na nyuma yake kuku wakilia.

"Dada Fides," Anania alisema, "usikate simu. Hapa kuna baba wawili kutoka Kongo wanataka kukueleza kahawa yako ilikwenda wapi."

Akampa Ferdinand. Ferdinand akaeleza. Alipofika kwenye honi alimpa Ilunga, na Ilunga akaeleza mioto, kisha wakaanza kunyang'anyana simu, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, mpaka Brenda akaishika yeye ili wote wasikike. Walimweleza Fides watu waliokuwa kanisani, vitoto na wazee. Walimweleza mama aliyesimama mbele ya bastola akamwita luteni mwanangu.

Walipomaliza, Brenda aliisogeza simu karibu na mama yake.

"Wifi yangu yuko hapo?" sauti ya Fides ikauliza. Haikuwa kavu tena.

"Nipo, wifi."

"Kahawa yangu ililisha kanisa zima?"

"Kahawa yako, na jasho la kaka yako. Zote pamoja."

Fides akapumua kwa nguvu. "Nitashuka Jumamosi," alisema, na akakata.

Alishuka kweli, na hakushuka peke yake. Alikuja na wanawake wanne wa ukoo, wote waliowahi kuyabeba yale maneno, wamepanda gari la kukodi na maharage, kuku watatu na kitenge kipya. Hawakuingia kwa aibu ya chini chini. Waliingia kwa vigelegele tangu barabarani, watu wakatoka madukani kuuliza kuna harusi gani. Fides alipiga magoti mbele ya mgahawa, penye vumbi, mama mtu mzima vile, akasema mbele ya wote, "Wifi, nilikosa." Enesi alimwinua kabla hajamaliza, akamvuta jikoni, akampa kisu na kitunguu, nao wakapika pamoja. Fides hakuacha kuuliza maswali. Alitaka kujua Jenerali alikuwa na sura gani, Luteni alishikaje bastola, na yule mwalimu alihesabu vipi. Kila jibu alilirudia kwa sauti ili wenzake mezani wasikie, na kila aliporudia alisema, "Huyu ni wifi yangu mimi. Mke wa kaka yangu."

Habari ilipanda malori ikaenda nayo. Haukupita mwezi, madereva wapya, ambao hawajawahi kukanyaga Mpemba, walianza kuteremka wakiuliza kwa Mama Jenerali ni wapi. Mara ya kwanza Enesi alikasirika akasema yeye ni muuza wali tu. Mara ya pili alicheka tu. Siku moja dereva kijana wa Kizambia alisimama mlangoni, akapiga magoti kidogo kwa heshima, akamwita mama kwa lugha ya kwao, akauliza, "Bamayo, ndiye wewe Jenerali?"

Enesi alikuwa anapakua. Alimalizia sahani, akaweka maharage kando ya wali, akageuka.

"Ndiye mimi," alisema. "Kaa, mwanangu. Utakula nini?"